Nani Alisema, na Alijuaje: Kumbukumbu Zinazopingana katika Nasaba za Uskoti

Kumbukumbu mbili zinapotoa habari tofauti juu ya mtu mmoja aliyekwisha kufa, swali linalozuka si la watafiti wa nasaba peke yao. Ni swali la zamani la falsafa: neno la mtu lina uzito gani kwa yule ambaye hakuwapo? Karibu kila kinachojulikana juu ya mababu kimetoka vinywani mwa wengine. Hata mtu aliye hai hajui siku yake ya kuzaliwa kwa kuishuhudia, ameambiwa. Uskoti inafaa kuchunguzwa katika jambo hili, kwanza kwa kuwa madaftari yake ya watu yamehifadhiwa kwa wingi katika hifadhi ya taifa mjini Edinburgh, na pili kwa kuwa wanafalsafa wake wawili wa karne ya 18, David Hume na Thomas Reid, walitoa majibu yasiyopatana juu ya thamani ya ushuhuda.

Kabla ya 1855 kazi ya kuandika watu ilikuwa ya Kanisa la Uskoti. Karani wa baraza la wazee wa kila parokia aliandika ubatizo, matangazo ya ndoa na, kwa uzembe zaidi, mazishi. Daftari kongwe kuliko yote yaliyobaki ni la Errol, Perthshire, lililoanza 1553. Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba karani hakuandika kuzaliwa bali kubatizwa, wala hakuandika ndoa bali nia ya kuoana iliyotangazwa kanisani. Wapo waliotangazwa wakaachana kabla ya harusi. Wapo pia ambao hawakuandikwa kabisa. Kati ya 1783 na 1794 serikali ilitoza peni 3 kwa kila tukio lililoandikwa, na wazazi wengi wakaona heri mtoto abatizwe bila kuingizwa daftarini. Waliojitenga na Kanisa la Uskoti nao, tangu mfarakano wa 1733 hadi ule mkubwa wa 1843 ambapo wachungaji zaidi ya 450 waliondoka na kuanzisha Kanisa Huru, walibatizia watoto wao kwingine. Kwa hiyo ukimya wa daftari la parokia hauthibitishi chochote mpaka ijulikane familia ilisali wapi.

Tarehe 1 Januari 1855 serikali ilianza usajili wa lazima. Fomu za mwaka huo wa kwanza zilikuwa na tamaa ya ajabu: cheti cha kuzaliwa kiliuliza umri wa wazazi, mahali walipozaliwa, walioana lini na wapi, na mtoto ana ndugu wangapi walio hai na wangapi waliokufa. Wasajili walielemewa, na 1856 maswali mengi yakaondolewa. Mtafiti ambaye jamaa yake aliandikwa 1855 ana bahati, ingawa bahati hiyohiyo humletea ugomvi, kwani kadiri watu wanavyoulizwa mengi ndivyo majibu yao yanavyopishana.

Ipo migongano inayoyeyuka mara tu kipimo kilichotumika kinapojulikana. Hume mwenyewe alizaliwa Edinburgh tarehe 26 Aprili 1711, na vitabu vingine husema 7 Mei. Ni siku ileile: tarehe ya kwanza ni ya kalenda ya Juliasi, ya pili ni ya kalenda ya Gregori, ambayo Uingereza nzima iliipokea 1752 kwa kuruka siku 11. Mwaka nao una mtego wake. Uskoti ilianza kuuhesabu mwaka mpya kutoka 1 Januari kuanzia 1600, wakati England iliendelea kuuanza 25 Machi mpaka karne ya 18. Mfalme Charles I alipokatwa kichwa tarehe 30 Januari, kwa karani wa Edinburgh huo ulikuwa mwaka 1649, na kwa karani wa London ulikuwa bado 1648. Mume na mke waliofunga ndoa Uskoti Aprili 1650, wakabatiza mtoto England Februari iliyofuata, wataonekana kwenye karatasi kuwa walibatiza miezi miwili kabla ya harusi. Wajukuu wamewahi kuona aibu kwa makosa madogo kuliko hilo.

Sensa ya 1841 ina mtego wa aina hiyo. Waandikaji waliagizwa kuushusha umri wa kila aliyepita miaka 15 hadi kwenye tano iliyo chini yake, hivyo mtu wa miaka 59 akaandikwa 55. Katika sensa ya 1851, iliyotaka umri kamili, mtu huyo anaonekana kuzeeka miaka 14 ndani ya kumi, na hakuna aliyedanganya. Majina pia huhitaji kusomwa kwa desturi ya wakati wake. Jean, Jane, Janet na Jessie huweza kuwa mwanamke mmoja. Donald wa nyanda za juu hugeuka Daniel mbele ya karani asiyejua Kigaeli. Jina la MacGregor lilipigwa marufuku 1603, na marufuku hiyo, baada ya kuondolewa na kurudishwa, ilifutwa moja kwa moja 1774 tu. Ndiyo maana Rob Roy MacGregor anapatikana kwenye hati kama Campbell, ukoo wa mama yake. Hume naye alizaliwa katika familia iliyoandika Home, akabadili tahajia mwaka 1734 kwa kuwa Waingereza walishindwa kulitamka, huku kaka yake akibaki na Home hadi kufa. Katika nyongeza ya wosia wake ya 1776 alimwachia rafiki yake John Home chupa za mvinyo aina ya porti, kwa sharti kwamba athibitishe kwa saini ya John Hume kuwa ameimaliza chupa moja peke yake kwa vikao viwili. Mtafiti anayekataa kuunganisha hati mbili kwa sababu ya herufi moja angemtenganisha Hume na kaka yake wa tumbo moja.

Mgongano wa kweli huanza pale watu wawili walipotoa habari mbili. Chukua mfano wa kawaida: cheti cha ndoa cha mwanamke kinamtaja mama yake kwa ukoo mmoja, na cheti chake cha kifo, miaka 40 baadaye, kinamtaja mama huyo kwa ukoo mwingine. Mtafiti asiye na subira hukichukua kile kinachoafiki mti aliokwisha kuuchora. Jibu, kama lipo, liko kwenye saini. Cheti cha kifo cha Uskoti kinataja wazazi wote wawili wa marehemu, pamoja na ukoo wa mama kabla ya kuolewa, utajiri ambao vyeti vya England vya wakati huo havikuwa nao; kinamtaja pia mtoa taarifa na uhusiano wake na marehemu. Kwenye ndoa aliyesema ni bibi harusi mwenyewe, na alikuwa akimtaja mama yake mzazi. Kwenye kifo aliyesema ni mkwe wake wa kiume, amefika kwa msajili akiwa na msiba nyumbani, akiulizwa jina la mwanamke aliyefariki kabla yeye hajaijua familia hiyo. Huenda alitaja ukoo wa mama wa kambo. Huenda alimchanganya na bibi wa upande mwingine. Hata hivyo cheti hichohicho ni ushahidi imara juu ya saa ya kifo, maana mkwe alikuwa chumbani. Hati moja haina daraja moja la kuaminika. Kila mstari una msemaji wake na umbali wake na tukio, na hili ndilo watafiti wa nasaba wanalolikosea kuliko jambo lingine lolote.

Msomaji aliyepitia elimu ya hadithi za Mtume atalitambua swali hili, kwani isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi wa hadithi, huuliza jambo hilohilo: nani alisikia kutoka kwa nani, na je, waliwahi kukutana? Sheria ya Uskoti nayo ilikua juu ya kanuni iliyo pia katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, kwamba jambo lithibitike kwa mashahidi wawili au watatu, na katika kesi za jinai mahakama zake zilidai kwa karne nyingi ushahidi zaidi ya mmoja. Kinachotakiwa katika kanuni hiyo ni kujitegemea kwa mashahidi, wala si wingi wa karatasi. Jiwe la kaburi, tangazo la gazetini, ukurasa wa mbele wa Biblia ya familia na cheti cha kifo vinaweza kukubaliana vyote kuwa mzee alizaliwa 1812, na vyote vikawa vimetoka kwa mwanawe mmoja katika juma moja. Hao si mashahidi wanne. Miti ya ukoo inayonakiliwa kwenye intaneti ina udhaifu huo kwa kiwango kikubwa zaidi, kwa kuwa kosa moja lililonakiliwa mara mia hujionyesha kama makubaliano ya watu mia.

Hume, katika kitabu chake cha 1748 chenye sura mashuhuri juu ya miujiza, alishikilia kwamba hakuna sababu ya kuuamini ushuhuda isipokuwa uzoefu: tumeona kwamba watu kwa kawaida husema yaliyo kweli. Kwa hiyo imani ipimwe kwa ushahidi, na shahidi apunguziwe uzito kila anapopingwa na mwenzake, anapokuwa na faida katika anachokisema, au anaposema kwa kusitasita. Reid, aliyekuwa mchungaji wa New Machar kabla ya kufundisha Aberdeen na Glasgow, alijibu 1764 kwamba mambo yako kinyume. Mtoto huamini kabla hajawa na uzoefu wowote. Angesubiri uthibitisho, asingejifunza hata kusema. Kwa Reid, Muumba ameweka ndani ya binadamu mwelekeo wa kusema kweli na mwelekeo wa kuamini, na uzoefu huja baadaye kuupunguza ule wa pili, si kuuzaa.

Katika kazi ya nasaba kila mmoja ana zamu yake. Hati ikiwa moja tu, Reid ana haki: hakuna mtu anayeweza kuanza utafiti kwa kumshuku kila karani, na anayedai uthibitisho wa kila uthibitisho hatafika kwa babu wa pili. Hati zikiwa mbili na zinapingana, imani ya asili haisaidii tena, kwa sababu inaelekea pande zote mbili kwa nguvu sawa; hapo kipimo cha Hume kinahitajika, hasa sehemu yake inayouliza shahidi alikuwa na faida au hasara gani.

Hasara hiyo inaonekana wazi katika habari za watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Baraza la wazee wa kanisa lilimwita mama, likamtaka amtaje baba, na mwanamume aliyekana aliweza kutakiwa ale kiapo mbele ya Mungu. Kumbukumbu za vikao hivyo zimejaa majina. Baada ya 1855 msajili wa serikali hakuruhusiwa kuliandika jina la baba wa mtoto wa namna hiyo isipokuwa yeye mwenyewe afike na kutia saini pamoja na mama. Mtoto mmoja anaweza basi kuwa na baba katika kitabu cha kanisa na nafasi tupu katika kitabu cha serikali. Ile nafasi tupu haisemi kwamba baba hakujulikana, inasema hakuja. Wala jina katika kitabu cha kanisa si hakika, kwani mama aliyebanwa na wazee kumi angeweza kumtaja asiyekuwa na uwezo wa kumdhuru, akamficha tajiri aliyempa kazi. Mtafiti anayesoma vikao hivyo anasoma maneno yaliyosemwa chini ya hofu, na ni haki kwa marehemu kuikumbuka hofu hiyo kabla ya kuandika neno “mwongo” pembeni.

Ukaribu na tukio pia si dhamana, na mfano ulio wazi unatoka mbali na Uskoti. David Livingstone, mmisionari na msafiri, mzaliwa wa Blantyre ya Uskoti mwaka 1813 katika familia iliyokuwa ikiandika Livingston bila e mwishoni, alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, 1873. Maneno yake ya mwisho katika shajara ni ya 27 Aprili. Jacob Wainwright, mmoja wa watu wa msafara aliyesoma katika shule ya misheni ya Nasik, India, alichonga tarehe 4 Mei kwenye mti ambao moyo wa marehemu ulizikwa chini yake. Jiwe la kaburi katika kanisa la Westminster, London, linasema 1 Mei. Kwa kanuni ya mkato ya kwamba hati ya karibu zaidi ndiyo ya kweli, mti ungeshinda. Lakini kisu kilichochonga hakikusema tarehe hiyo ni ya nini. Yaweza kuwa ya kuzika moyo, au ya siku kazi ya kuchonga ilipofanyika, au ya hesabu iliyopotea siku chache porini. Chuma na Susi, watumishi waliokuwa na marehemu na baadaye wakasafiri hadi Uingereza kutoa maelezo yao, hawakuacha maandishi pale mtini. Kumbukumbu yao ilikuwa ya mdomo. Kuikataa kwa sababu hiyo tu ni upendeleo wa karatasi, jambo ambalo Afrika Mashariki inalijua vizuri. Na mwili ulipofika London, baada ya kubebwa hadi Bagamoyo na kuvushwa Zanzibar, uliotegemewa kuthibitisha kuwa ni wa Livingstone haukuwa waraka wowote bali mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba miaka mingi nyuma.

Vipimo vya vinasaba vimechukua leo nafasi ya mfupa ule. Vinaweza kuonyesha kwamba watu wawili wana babu mmoja. Haviwezi kusema babu huyo aliitwa nani.

Migongano iliyo mizito zaidi haihusu kilichotokea bali kilihesabiwa kuwa nini. Robert Burns, mshairi mkuu wa Uskoti, alimpa Jean Armour mapema 1786 karatasi iliyowatambua kuwa mume na mke. Baba wa Jean alikasirika, karatasi ikapelekwa kwa mwanasheria wa Ayr, na majina yakakatwa. Kiangazi hicho Burns alisimama mbele ya kusanyiko la Mauchline kukemewa kwa uasherati, akapewa na mchungaji William Auld cheti kuwa ni mseja. Septemba Jean alijifungua mapacha. Agosti 1788 baraza lilelile la wazee liliwapokea wawili hao kama watu waliokiri ndoa isiyofuata utaratibu, likawaonya, na Burns akatoa pesa, gini moja, kwa ajili ya maskini. Je, walioana 1786 au 1788? Sheria ya Uskoti ilikuwa imerithi kutoka kanisa la kabla ya Matengenezo kanuni kwamba ridhaa ndiyo inayofanya ndoa. Mchungaji hakuwa lazima, na ndoa ya kutamka tu mbele ya mashahidi iliendelea kukubaliwa hadi 1940. Kwa kanuni hiyo, kukata majina kwenye karatasi hakuivunji ndoa, kama ambavyo kuchoma hati ya deni hakulipi deni. Kwa cheti cha Auld, kijana alikuwa huru kuoa popote.

Hapa hakuna hati iliyokosea. Karatasi ilisema kweli, cheti kilitolewa na mwenye mamlaka, na kikao cha 1788 kiliandika kilichotokea siku hiyo. Waliopingana ni kanisa na sheria juu ya maana ya kuoana, na hati mpya ikipatikana kesho haitawapatanisha. Mtafiti anayetaka tarehe moja ya kujaza kwenye kisanduku anaomba kitu ambacho watu wa Mauchline wenyewe hawakuwa nacho. Kwa bahati, sheria iliwahurumia watoto: wazazi wakioana baadaye, watoto waliotangulia ndoa walihesabiwa halali, kwa hiyo mapacha wale hawakuhitaji ugomvi uamuliwe.

Kosa kubwa kuliko tarehe potofu ni kuwafanya watu wawili kuwa mmoja. Parokia ndogo iliweza kuwa na wanaume watatu wa jina moja na umri unaokaribiana, na desturi ya kumpa mwana wa kwanza jina la babu wa kuumeni iliwazidisha. Mtoto akifa, jina lake lilipewa mdogo wake, hivyo ubatizo unaoafiki jina unaweza kuwa wa marehemu mchanga. Kwa Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wamekusanya kumbukumbu za nasaba duniani kote kwa sababu huwabatiza wafu kwa niaba, kosa hilo ni la ibada: jina limetajwa mbele za Mungu kwa mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Asiyeamini hayo bado ana deni kwa wafu wawili waliopokonywa kila mmoja nusu ya maisha yake.

Mahakama za Uskoti zilikuwa kwa muda mrefu na hukumu ya tatu kati ya hatia na kutokuwa na hatia: haikuthibitika. Wanasheria waliilalamikia sana, na kwa mshtakiwa huenda walikuwa na haki. Kwa nasaba ni hukumu inayofaa kabisa, ilimradi iandikwe pamoja na sababu zake, ili atakayekuja na hati nyingine ajue aanzie wapi.

Wasajili nao waliweka utaratibu wao. Tangu 1855, kosa lililogunduliwa katika sajili halikufutwa. Habari mpya, iwe hukumu ya mahakama ya sherifu juu ya baba wa mtoto au sababu ya kifo iliyothibitishwa baada ya uchunguzi, iliandikwa katika daftari tofauti la masahihisho, na pembeni mwa maandishi ya kwanza ikawekwa alama yenye juzuu na ukurasa. Maneno ya awali yalibaki yanasomeka. Anayeikuta alama hiyo ana kauli mbili, kila moja na tarehe yake, aliyeitoa na mamlaka iliyoipokea, na mti wa ukoo ulioandikwa vizuri huzibeba zote mbili.